Kireno cha Uani kwa Bi Rukia

Mwezi uliopita Zuhura alinipigia simu asubuhi, kabla sijamaliza chai, akaniambia nyumba ya Buguruni inavunjwa. Wanawe wameamua kujenga ghorofa, maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Yeye hana kinyongo, ila alitaka niende niiage kabla mafundi hawajaanza kung'oa mabati. "Njoo na njaa," alisema, na hapo nikajua kwamba huyu kweli ni mtoto wa Bi Rukia. Nilikwenda. Tuliingia chumba kwa chumba, yeye mbele na funguo, mimi nyuma na magoti yangu yasiyopenda vizingiti, na kila mlango uliofunguka ulitoa harufu ileile ya karafuu na mafuta ya taa, ingawa ni miaka mingi tangu mtu awashe jiko la mafuta mle ndani. Chumba changu kilikuwa cha mwisho mkono wa kushoto, kinachopakana na uani. Nilidhani nitalia. Badala yake nilicheka, Zuhura naye akacheka, tukaendelea hivyo mpaka mkwe wake akaja kuuliza kuna nini, na hatukuweza kumweleza. Watu wakiniuliza nilianzia wapi kazi ya umisionari, hutarajia niwatajie chuo, au kile kijiji cha ng'ambo nilikoishi karibu nusu ya umri wangu. Mimi huwaambia nilianzia Buguruni, nao hudhani natania.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, muuguzi mkunga katika zahanati ya kanisa kule Segerea, nilipousikia mwito. Nasema kuusikia kwa kukosa neno jingine, maana sikusikia sauti wala sikuona mwanga. Jumapili hiyo alikuja mchungaji mgeni kutoka Msumbiji, mtu mwembamba aliyevaa koti lililompwaya, akatueleza kwamba vita vya kwao vimekwisha, watu wanarudi vijijini, na wanawake wanajifungua bila msaada kwa sababu wakunga ama walikufa ama walikimbia. Hakutuomba kitu. Alieleza, akashukuru, akaketi. Nami pale safu ya nyuma nikashtuka moyoni kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni. Nikajua kuna mahali natakiwa niwepo, na sipo. Rafiki yangu Huruma, mwalimu wa shule ya msingi niliyekuwa naimba naye kwaya, alikuwa amekaa kando yangu, na tulipotoka nje akanishika mkono akaniambia naye imemwingia vilevile. Tulikwenda pamoja kwa Mchungaji Sanga, aliyekuwa mkuu wa usharika wetu. Alitusikiliza, akatuacha tusubiri miezi kadhaa ili aone kama moto wetu ni wa kuni au wa makaratasi, kisha kamati ikakubali tutumwe wawili, baada ya mwaka mmoja wa kujifunza Kireno.

Huruma alibaki kwa dada yake Kinondoni. Mimi nilikuwa nikae hosteli ya kanisa, lakini paa lake lilikuwa limefumuliwa, na Mchungaji Sanga akanitafutia chumba kwa Mzee Salum, mfanyabiashara wa Buguruni mwenye asili ya Kiarabu, ambaye kanisa lilikuwa likinunua kwake masufuria ya sherehe. Mzee Salum alikuwa mtu wa maneno machache. Maneno yake yote alikuwa amemwachia mkewe. Bi Rukia alinipokea mlangoni, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala, akaniuliza nimekula nini, nikamwambia nimeshiba, akaniambia hakuuliza kama nimeshiba. Aliponikalisha mbele ya sahani ya mbaazi za nazi na maandazi, akanihoji. Nilimweleza kila kitu, nikiwa na wasiwasi, maana sikujua mama wa Kiislamu atalipokeaje neno umisionari. Alitafakari huku akinimiminia chai. "Kwa hiyo unakwenda kukaa na watu usiowajua, wasiokujua," alisema. "Basi anzia kwetu. Ukituweza sie, wale utawaweza."

Sikuwaweza upesi. Mimi ni mtu wa Tukuyu, hata jina langu, Tumpe, ni la huko, nimezoea nyumba ambayo mtu akinyamaza anaachwa anyamaze. Nyumba ya Bi Rukia haikujua kunyamaza. Ukumbi ulikata katikati kutoka barazani hadi uani, vyumba huku na huku, na sauti zilipita humo kama upepo. Ukikohoa chumbani, mtu wa mbele dukani anakupa pole. Wiki ya kwanza nilipika ndizi za kwetu na maparachichi, nikajivunia, nikamkaribisha. Alikula kijiko kimoja, akaniambia kwa upole kwamba amenielewa sasa kwa nini nataka kuhama nchi. Nilikasirika, nikaingia chumbani. Baadaye alasiri akagonga, akaketi kitandani kwangu bila kuambiwa, akaniomba nimfundishe kuzipika, kwa sababu, alisema, haiwezekani watu wa mlima mzima wawe wajinga, lazima kuna kitu yeye hajakionja vizuri. Siku ya pili tulizipika pamoja. Alitia nazi. Zilikuwa tamu kuliko za mama yangu, na sikumwambia hivyo mpaka miaka mingi baadaye.

Mwalimu wetu wa Kireno alikuwa Dona Lurdes, mjane wa Temeke aliyekuwa amezaliwa Msumbiji, mkoa wa Nampula. Alikuwa muumini wa kanisa letu na riziki yake ilikuwa kuwafundisha Kireno wafanyabiashara waliokwenda Beira na Maputo. Mrefu, mweusi wa kung'aa, hakutoka nyumbani bila hereni, na Kiswahili chake kilikuwa cha Temeke kabisa isipokuwa akikasirika, ndipo Nampula ilipotokeza. Alikuja mara tatu kwa wiki, na kwa kuwa chumba changu kilikuwa na joto, tulisomea uani, mimi na Huruma juu ya mkeka, yeye kwenye kiti, na Bi Rukia jirani akichambua mchele. Bi Rukia alituambia mapema kwamba yeye hasomi, anachambua mchele tu. Siku ya tatu Dona Lurdes aliniuliza swali, na nilipokuwa bado natafuta jibu, Bi Rukia akalijibu, bila kuinua macho kwenye ungo. Dona Lurdes akasema amepatia. Tangu siku hiyo tukawa wanafunzi watatu, kisha wanne Zuhura alipoanza kuwahi kurudi kutoka shuleni, na hata Mzee Salum alikuwa akisogeza kiti chake mwisho wa ukumbi, akijidai anapunga upepo.

Furaha ya masomo yale sijui niielezeje. Tuligundua kwamba tayari tulikuwa na Kireno nyumbani bila kujua. Dona Lurdes aligusa meza, akasema kwao nayo ni mesa. Akaonyesha kopo, akasema copo. Akavuta leso ya Bi Rukia, akasema lenço. Bi Rukia alifurahi kama mtu aliyekuta mali yake ya zamani kwenye nyumba ya jirani. Halafu Dona Lurdes akataja neno lao la kanisa, igreja, na Zuhura akauliza, "Gereza?" Dona Lurdes akaeleza kwamba ndiko neno gereza lilikotoka, Wareno walipojenga pwani makanisa na ngome pamoja na wenyeji wakashindwa kutofautisha. Mzee Salum, ambaye hakuwahi kusema neno darasani, akasema kule mwisho wa ukumbi kwamba ndiyo maana Segerea wana vyote viwili. Huruma alicheka mpaka akalala juu ya mkeka. Mimi nilikuwa nafanya kazi Segerea, nikipita kila siku karibu na ukuta wa gereza kwenda kanisani, na kwa mwezi mzima sikuweza kuvipita vyote viwili bila kutabasamu peke yangu njiani.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halikuniingia. Kireno kimegawa vitu vyote vya dunia kuwa vya kiume na vya kike, na maneno mengine lazima yafuate. Kitu changu kikiwa cha kiume ni meu, kikiwa cha kike ni minha. Mimi nilisema meu kwa kila kitu. Nyumba, mkono, mtoto wa kike, kanisa, vyote vilikuwa meu. Dona Lurdes alinisahihisha kwa subira, kisha bila subira, kisha akawa anagonga tu kidole kwenye mkono wa kiti. Bi Rukia alilishika kwa siku moja. Alianza kukipeleka Kireno hata sokoni, akawa anamwambia muuza samaki muito caro, yaani ghali mno, mpaka yule kijana akamwuliza Mzee Salum kwa heshima mama anamtukania nini. Ulipofika mwezi wa Ramadhani, masomo yakahamia baada ya futari. Huruma nami tulikaa nao jamvini, tukala magimbi na tambi na uji wa pilipili manga, na Bi Rukia alimtaka kila mtu aombe chakula kwa Kireno ndipo apewe. Nilijifunza mle ndani kukaa kwenye nyumba ya watu nikiwa mgeni ninayependwa, nikiamini ninachoamini, bila kuwa na haja ya kushinda. Chuoni hawafundishi hivyo, au labda wanafundisha na mimi ningelala.

Kuhusu kwao, Dona Lurdes hakusema mengi. Tulijua alivuka mto Ruvuma akiwa binti, wakati wa vita vya kwanza, vya kudai uhuru, na kaka yake, na kwamba mama yao na mdogo wao wa kike walibaki. Huruma alipomwuliza kama anatamani kurudi, alijibu kwamba Ruvuma ameivuka mara moja, yatosha, turudi kwenye vitenzi. Alasiri moja ya mvua nilikuwa chumbani na malaria, dirisha la uani limerudishwa tu, nikawasikia yeye na Bi Rukia wakizungumza jikoni. Walidhani nimelala. Dona Lurdes alikuwa anasema kwamba tangu aanze kutufundisha ameanza kuota kwa lugha yake, Kimakua, si Kireno, na ndotoni anafika kijijini na hakuna anayemtambua. Alisema kinachomtisha si kuwakuta wamekufa. Anaogopa kuwakuta wapo hai, wamtazame kama mgeni. Bi Rukia alikaa kimya kidogo, jambo ambalo kwake lilikuwa kubwa. Kisha nikamsikia akisema, "Mgeni siku mbili, Lurdes, ya tatu mpe jembe. We nenda uwe mgeni hizo siku mbili. Ya tatu uombe jembe."  Dona Lurdes akasema wali unaungua, na kweli ulikuwa unaungua.

Miezi mitatu kabla ya safari, Huruma alikuja asubuhi isiyokuwa ya somo. Macho yalikuwa yamevimba. Alikuwa ameposwa na mwalimu mwenzake, mtu mwema ambaye sote tulijua anampenda na yeye tu ndiye aliyejidai hajui, naye alikuwa amekubali. Alikaa usiku mzima akiomba aambiwe kwamba anamkimbia Mungu, akasema, na asubuhi alikuta ana furaha. Nikamkumbatia. Sikumwona kama mtu aliyeuacha mwito. Nimeishi na kumwona akilea watoto wake na wa wengine, na leo nina uhakika kuliko siku ile kwamba alikwenda alikoitwa. Harusi ilikuwa kubwa, Bi Rukia alipika pilau ya masufuria mawili na kucheza kuliko shangazi wa bibi harusi. Nami nilicheza. Ila niliporudi chumbani kwangu nikiwa bado na poda usoni, nilielewa kwamba sasa niko peke yangu.

Kamati nayo ilielewa. Mchungaji Sanga aliniita Segerea, ofisini nyuma ya kanisa, na wazee walikuwa wamekaa tayari. Walimwita Dona Lurdes atoe taarifa ya masomo, na Bi Rukia akaja naye bila kuitwa, akasema yeye ndiye mwenye nyumba, akachagua kiti, akauliza kama hapa hawana chai. Aliyezungumza zaidi alikuwa Mzee Kaaya, karani mstaafu, mtu wa haki, mwenye mabinti. Hakuwa mkali. Alisema hana shaka na mwito wangu, ila nikiugua kule nani atanipa maji, na nikifa nani atawajulisha. Alipendekeza safari iahirishwe mpaka apatikane mwenzangu, na nilijua, kama kila mtu pale alivyojua, kwamba hatapatikana. Nilitaka kujitetea. Nilikuwa nimeandaa maneno, nikayakosa yote. Nilibaki naitazama mikono yangu, nikiwawaza wale wanawake wa ng'ambo ambao sikuwajua hata majina. Ndipo Mchungaji akamgeukia Dona Lurdes, akamwuliza angalau lugha nimeifikisha wapi.

"Kireno chake ni kibovu," Dona Lurdes alisema.

 Mchungaji alimwomba aeleze zaidi. Akaeleza, bila haraka, kwamba naelewa ninachosikia, na nazungumza bila kuogopa, lakini mwaka mzima kila kitu kwangu bado ni dume, na nikiachwa niende peke yangu nitawachekesha wagonjwa mpaka nyuzi walizoshonwa zikatike. Alizigusa hereni zake, moja baada ya nyingine. "Kwa hiyo hawezi kwenda peke yake," alisema. "Itabidi niende naye."

 Mzee Kaaya alivua miwani. Mchungaji Sanga alimwuliza Dona Lurdes, kwa sauti ya chini, kama ameliombea jambo hilo, naye akajibu kwamba ameombea lisitokee, tangu mvua za masika, na hajasikilizwa. Bi Rukia peke yake ndiye hakushangaa. Alisema sasa wanaweza kuleta chai. Nami nilifanya ambacho sijawahi kufanya mbele ya kamati yoyote, niliinuka nikapiga magoti mbele ya yule mama wa Temeke nikaweka kichwa kwenye mapaja yake, na yeye akanipapasa nywele akiniambia kwa Kimakua maneno ambayo nilikuja kuyaelewa baada ya miaka miwili tu, kwamba niinuke, nitachafua gauni. Mzee Kaaya ndiye aliyefunga kwa sala. Aliposema amina, sauti iliyoitikia kwa nguvu kuliko zote ilikuwa ya Bi Rukia, na alitueleza nje kwamba neno hilo ni la kwao pia, hakuazima.

Siku ya kuondoka uani kulijaa. Huruma na mumewe walikuja tangu alfajiri. Bi Rukia alikuwa amekaanga visheti na bagia za kutosha kulisha basi zima, na kweli vililisha basi zima. Mzee Salum alitoka dukani na masufuria matatu mapya yaliyoingizwa moja ndani ya jingine, ya kuchemshia maji ya kuzalishia, akasema, kisha akasimama mlangoni akatuombea dua. Alipomaliza Mchungaji Sanga naye akaomba, na majirani ambao hawakujua waitikie ipi waliitikia zote. Zuhura alinililia begani. Mama yake hakulia. Alikuwa akimfunga Dona Lurdes leso kichwani, akiifungua na kuifunga upya, mpaka dereva akapiga honi. Yote haya nilimkumbusha Zuhura mwezi uliopita tukiwa tumekaa palepale, tumemaliza pweza na wali, mafundi wakipima ukuta. Yeye akaniambia kwamba kuna kitu hajawahi kukisikia, maana nikija likizo mama yake alikuwa akimaliza maongezi yote mwenyewe. Alitaka kujua Ruvuma tulivukaje. Nikamsimulia.

Tulivuka asubuhi, maji yakiwa machache, jua limeanza kupanda. Dona Lurdes alikuwa amezungumza njia nzima kutoka Dar hadi Mtwara, lakini tulipouona mto alinyamaza, na kwenye mtumbwi alifumba macho. Ng'ambo kulikuwa na kibanda cha makuti na afisa wa uhamiaji, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na meza. Alichukua pasi zetu, akatusalimu kwa Kireno, akamwuliza Dona Lurdes anakwenda wapi. Nilingoja ajibu. Mwalimu wangu, aliyefundisha lugha ile nusu ya maisha yake, alifungua mdomo, na halikutoka neno. Alikuwa anatazama miguu yake kwenye mchanga wa upande ule.  Afisa akarudia swali, na kwa kuwa hakujibiwa, akanigeukia mimi, akauliza kwa wema kabisa, huyu mama ni nani wako.

Nikasimama wima. Sikuwa na muda wa kutafuta neno, nikasema lililokuwepo, kwamba ni mama yangu. "É meu mãe."

Dona Lurdes aliinua kichwa. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama uani, kidole kikitafuta mkono wa kiti ambao haukuwepo, na machozi yakiwa bado yanamtoka sauti yake ikarudi, kavu, ya darasani.

"Minha," alisema. "Mwaka mzima, Tumpe. Minha mãe." Kisha akamgeukia afisa, akamwambia kwa Kireno kilichonyooka kwamba mimi ni binti yake, ni mkunga, kwamba tunakwenda Nampula kufanya kazi, na kwamba atusamehe, mtoto bado anajifunza. Kijana alicheka, akatugongea mihuri, akatuonyesha njia kwa mkono wake.